Alfajiri Kandokando ya Bahari



Wiki hii sitazungumzia mirathi wala talaka, ingawa barua zenu juu ya mambo hayo zimerundikana mezani kwangu na, inshaallah, tutazirudia. Nataka nizungumze juu ya miguu, na juu ya njia za mji wetu wa Mombasa zipitazo kandokando ya bahari, ambazo nimezijua upya nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Sababu yenyewe si ya fahari. Mwandani wangu alipimwa akaonekana ana sukari. Daktari, baada ya kumwandikia dawa, alimweleza kwamba dawa peke yake haitoshi. Atembee kwa kasi nusu saa kwa siku, siku tano kila wiki. Jumla yake ni dakika 150, na hizo ndizo Shirika la Afya Duniani linazompendekezea kila mtu mzima, awe mgonjwa au mwenye siha yake. Tuliporudi nyumbani akaanza kutembea uani. Uani kwetu ni hatua kumi na moja kutoka jikoni hadi kwenye birika. Akawa aenda na kurudi, tasbihi mkononi ili asipoteze hesabu ya mizunguko. Siku ya nne alikaa kitako akanambia, "Mimi si ngamia wa kinu cha ufuta."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa nilikumbuka jambo la miaka kumi na tano nyuma. Binti yetu alikuwa kidato cha pili, mwepesi wa mbio kuliko wenzake wote shuleni. Likizo ilipofika alikuja kuniomba ruhusa aende na marafiki zake watatu Lighthouse asubuhi, wakakimbie kabla jua halijapanda. Nilimjibu kwa neno moja, "Hapana." Sikumpa sababu kwa kuwa sababu sikuwa nayo, nilichokuwa nacho ni hofu ya maneno ya watu, nikaivisha joho la dini. Naye, kwa adabu yake, hakuuliza tena.

Basi Jumamosi moja, mimi na mamake, tulisali alfajiri, tukangoja kuche, tukateremka hadi upande wa feri ya Likoni, tukaanza kutembea kuelekea mashariki kwa barabara ya Mama Ngina.

Wengi wetu tuijuapo Mama Ngina ni ile ya Jumapili jioni: magari, watoto, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, kelele. Alfajiri ni mahali pengine kabisa. Kushoto kwako ni mibuyu mikubwa ambayo hakuna awezaye kusema ilipandwa lini. Kulia ni mlango wa bandari ya Kilindini, mwembamba hata meli ya makontena ipitapo waweza kulisoma jina lake ubavuni bila miwani. Ng'ambo ni Likoni. Upepo watoka baharini, haujapita kwenye moshi wa gari lolote. Tangu sehemu hii ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, bustani yake ya ekari 26 ina njia za kutembelea zilizosakafiwa na viti vya kupumzikia, hivyo mwenye magoti mabovu hana haja ya kukanyaga mawe. Kutoka feri hadi Lighthouse ni kilomita mbili na kitu. Ukienda na kurudi kwa hatua za kasi, umekwisha kuipita nusu saa yako ya daktari.

Kilichonishangaza zaidi ni watu tuliowakuta. Nilidhani tutakuwa peke yetu, nami nikajiandaa kuona haya. Kumbe wanawake walikuwa wamejaa! Wengine wamevaa buibui na raba, wengine jilbabu na suruali pana, wawili wawili, watano watano. Mama mmoja wa makamo alitupita akikimbia mdogomdogo, akatutolea salamu bila kupunguza mwendo. Mabinti wale ambao mimi nilimkataza wangu asiwe mmoja wao walikuwako miaka yote hii, na mji haukuanguka.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima na msomi, alipopata habari zetu alinijia barazani. "Maalim," akanambia, "hata kwenye Sa'yi wanawake hawakimbii baina ya zile alama mbili za kijani, watembea tu. Iweje wakimbie Mama Ngina?" Hoja yake si ya kipuuzi, na hukumu aliyoitaja ni sahihi. Lakini hiyo ni hukumu ya ibada, mahali penye msongamano wa wanaume na wanawake, na makusudio yake ni stara. Na Sa'yi yenyewe twaifanya kwa ukumbusho wa mbio za nani? Za Bibi Hajar, akitafuta maji ya mwanawe baina ya Safa na Marwa. Tena katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, na mara ya kwanza Bibi Aisha ndiye aliyeshinda. Siku nyingine, alipokwisha kunenepa, akashindwa. Na katika mapokezi mengine yaelezwa kwamba watu waliamriwa watangulie kwanza. Humo mna ruhusa na mna adabu yake: chagua saa, chagua mahali. Jirani yangu alikunywa kahawa yake akaondoka. Bado hatujaafikiana, na bado twanywa kahawa pamoja.

Sasa nirudi njiani. Ukifuata barabara hiyo ya Mama Ngina utapita ubavuni mwa uwanja wa gofu wa Mombasa. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba tarehe 24 Machi 2007 ulimwengu mzima wa wakimbiaji ulikuwa hapo, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemweza katika mbio hizo, aliingia uwanjani akitarajiwa kushinda. Joto la Machi na unyevu wa hewa yetu vilimlemea, akajitoa kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi. Nawasimulia haya kwa makusudi. Ikiwa bingwa kama yule alishindwa na jua la Mombasa, mama wa watoto wanne asiyekimbia tangu darasa la saba asijaribu kuanza saa tatu ya asubuhi mwezi wa Machi. Toka mara kunapokucha, beba chupa ya maji, na uwe umerudi nyumbani kabla ya saa mbili. Wenye sukari wale kitu kidogo kwanza kama daktari alivyowaelekeza, na mfukoni waweke tende mbili tatu. Mwandani wangu alizihitaji wiki ya pili, karibu na Lighthouse, mkono ulipoanza kumtetemeka. Tangu siku hiyo tende hazisahauliki hata tukisahau funguo.

Mwenye nguvu asiishie Lighthouse. Aendelee hadi Ngomeni, kama kilomita moja na robo nyingine. Fort Jesus waijua, lakini wengi wetu tumeiona kwa macho ya siku ya shule, tukiwa kwenye mstari na mwalimu akitukemea. Itazame asubuhi kutoka nje, upande wa bahari, mwanga wa kwanza unapoupiga ukuta. Wareno waliianza mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe kwa ramani ya Muitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Chini yake umejengwa ukuta mpya wa kuzuia mawimbi yasiendelee kuula mwamba. Kutoka hapo ingia Ndia Kuu. Saa hiyo maduka ya vinyago yamefungwa, pikipiki ni chache, na harufu ya mahamri yakufuata tangu kona ya kwanza hadi karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao yasemwa ulijengwa mwaka 1570. Ndani ya Mji wa Kale sikushauri kukimbia. Vichochoro ni vyembamba, mawe yateleza, na wazee watoka misikitini kwa mwendo wao. Tembea, salimia, shuka hadi bandari ya zamani uyaone madau, kisha panda tuktuk urudi kwako.

Wako wanaopenda kuvuka Daraja la Nyali kwa mbio. Mandhari ya juu ya daraja ni mazuri sana, lakini matatu zapita ubavuni na moshi wake waingia moja kwa moja kifuani. Mimi nilipita mara moja, na hiyo mara moja yanitosha.

Njia ya pili ni ufuo wenyewe, kuanzia Nyali kwenda Bamburi, na hapa nina jambo ambalo babu zetu walilijua na sisi twalisahau. Mchanga wa juu, ule mkavu, ni adui wa mkimbiaji. Mguu wazama na kifundo chauma. Mchanga wa kukimbilia ni ule uliobanwa na maji, nao haupatikani ila maji yakipwa. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, basi atokaye bila kujua maji yako wapi huenda akaukuta ufuo hauko, mawimbi yapiga kwenye kuta za mahoteli.

Kalenda ya maji haya iko ukutani kwako tayari, nayo ni kalenda ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapotimia ndipo bamvua, na hapa Mombasa maji hujaa sana mnamo saa kumi za alfajiri na saa kumi za alasiri, yakapwa mnamo saa nne za asubuhi na za usiku. Kila siku ipitayo huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hesabu hiyo, atokaye saa kumi na mbili asubuhi tarehe mbili ya mwezi atakuta maji bado yako juu. Lakini tarehe tisa hadi kumi na moja, na tena ishirini na nne hadi ishirini na sita, maji hupwa alfajiri, mchanga ukawa mgumu kama sakafu. Siku hizo huwa karibu na maji mafu, basi hayaendi mbali, ila nafasi ya kupita ipo. Na hesabu hii ni ya makadirio. Siku moja mbele au nyuma haidhuru, wala bahari haiulizi nani ameuona mwezi na nani hakuuona.

Upepo nao una zamu zake. Wakati wa kusi anza kwa kuelekea kusini, upepo ukupige usoni ungali na nguvu, kisha urudi nao mgongoni. Wakati wa kaskazi fanya kinyume chake. Ufuo umeinama kuelekea majini, hivyo mguu mmoja huwa juu na mwingine chini. Rudi kwa njia ile ile uliyoendea ili miguu yote miwili igawane taabu.

Hapa nina malalamiko, nami nitayasema. Njia za umma za kushukia ufuoni zapungua. Mahali ambapo mimi nikiwa kijana nilipita na ndoano yangu kati ya minazi miwili, leo pana ukuta na mlinzi aniulizaye naenda kwa nani. Bahari haina ukuta, lakini kichochoro cha kuifikia kikizibwa ni kama umewekwa. Zile njia zilizosalia hubaki zikitumiwa. Zisizokanyagwa huota nyasi, kisha huota lango. Mama na binti zake wanaoshuka kila wiki kwa kichochoro cha mtaa wao wanakilinda kuliko barua kumi za malalamiko. Nanyi mkiona kimezibwa, waambieni wazee wa mtaa na mwakilishi wenu wa wadi mapema, saruji ikiwa bado mbichi.

Kwa wale ambao stara ya ufuoni inawapa wasiwasi, maana si kila asubuhi ni tupu na vijana wa ufuoni wana maneno, nawaelekeza kwenye mivinje ya Bamburi. Pale palikuwa jangwa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hadi yakabaki mashimo meupe yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kupanda miti humo. Miche mingi ilikufa kwa chumvi na joto, mvinje ukastahimili. Tatizo likawa kwamba majani yake makavu hayakuoza, yakarundikana tu. Wakaletwa jongoo, wakayala majani hayo, na kwa kinyesi chao udongo ukaanza kujengeka, na miti mingine ikapata pa kushika. Leo ni msitu wenye vijito, ndege na njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baisikeli chini ya kivuli. Ukikimbia hapo mguu watua juu ya vijiti laini vya mvinje, hausikii kishindo chako mwenyewe.

Watoto wachukueni pia upande wa Haller Park. Ndipo alipoletwa yule kiboko mchanga, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajifanyia mama kobe dume mkongwe aliyeitwa Mzee. Wajukuu wangu wamenilazimisha kukisimulia kisa hicho mara nyingi kuliko kisa cha Nabii Yunus, Mungu anisamehe. Kiingilio hulipwa, na saa za kufungua hubadilika, basi piga simu kwanza kabla ya kupakia watoto kwenye matatu.

Mavazi nimeulizwa na dada wawili, nami nitajibu kwa ufupi. Buibui refu lenye pindo hadi kwenye kisigino halifai kukimbilia. Hunasa raba, na nimeshuhudia mtu akianguka mbele yangu. Kanzu pana iishiayo chini ya goti, suruali pana chini yake, mtandio wa kitambaa chepesi kisichokawia kukauka, uliobanwa vizuri usipeperuke: stara imetimia na mguu uko huru. Dhahabu ziacheni nyumbani. Msitoke gizani, wala mwanamke asitoke peke yake. Watatu au wanne wa mtaa mmoja watosha. Na nyinyi akina baba, msikae vitandani mkasema mmewapa ruhusa. Nyanyukeni mwende nao. Tumbo langu ni shahidi kwamba ruhusa haipunguzi kitu kwa aliyeitoa.

Vipimo vya mwandani wangu vimeshuka, alhamdulillahi. Si kwa kiasi cha kuacha dawa, ila daktari ametabasamu. Mimi nimeanza kukimbia kidogo, kutoka mbuyu hadi mbuyu, kisha natembea.

Mwezi uliopita nilimwomba radhi binti yetu. Sasa ni mama wa watoto wawili, na alidai kwamba hakukumbuka, lakini alikumbuka hata jina la kila rafiki katika wale watatu. Jumapili iliyofuata alikuja nasi. Alitembea na sisi hadi kwenye ua wa uwanja wa gofu, akamtazama mamake, akanitazama mimi, kisha akatuacha. Alikuwa mwepesi vile vile. Tulipofika Lighthouse tukamkuta amekaa juu ya ukuta mfupi, pakiti ya mihogo mkononi, ameshaimaliza nusu.

"Baba," akasema, "mmechelewa."

Nilimwomba kipande kimoja, nikakaa chini nivute pumzi.